Kadi ya Kwanza Bado Tupu

Miaka thelathini na minne na miezi miwili. Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, mtunza kadi wa ofisi yetu ya ramani, yule ambaye sote tunamwita Bwana Droo, anarudisha funguo na kustaafu. Mimi ni mpika chai wenu. Shule sikwenda, nimesema, mpiga chapa ameandika, na nimemkataza kunipambia maneno.

Aliajiriwa kuandika majina ya mahali. Mwaka wa kwanza akakutana na jina la kile kivuko cha kale mtoni, akanasa hapo hapo. Majina mengine aliyafanyia kazi, maelfu, nami ni shahidi. Hilo moja aliliota. Kila aliyelitamka kwa lugha yake alifunguliwa kadi: nani, wapi, alilitamkaje.

Ungemsikiliza alasiri, dirisha liko wazi na karatasi zinapumua mezani, ungeliona jina linatembea. Linaondoka kivukoni na wauza chumvi. Ng'ambo wanaliongezea sauti mbele, maana ndimi zao hazipendi kuanza ghafla. Mwendo wa mwezi mzima, limeshausahau mto. Limekuwa jina la kitambaa. Karani wa jeshi analiandika kwenye ramani kwa herufi kubwa kupita kiasi, na kivuko cha hatua arobaini kinageuka jimbo zima. Wahamiaji wanalibeba hadi nchi kavu, wanauita hivyo mji wao usio na hata kijito. Mimi nililiona kama sufuria ya kuazimana: kila nyumba inairudisha na masizi yake, na bado ni ile ile.

Siku moja fundi bomba alikuja kuziba bomba la korido. Bwana Droo akamwomba alitamke. Fundi akacheka, akasema kwao hicho ni kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni, mama yake alikuwa nacho. Wakaketi. Fundi akalitamka mara tatu, Bwana Droo amefumba macho kwa raha, na maji yakafika mlangoni kwa mkurugenzi. Nani alipiga deki? Hiyo ndiyo kadi ya mia nne kumi na saba, na mimi nilistahili kutajwa humo.

Chai yake ilipoa kila siku ya Mungu. Mkewe, wifi yangu wa hiari, anasema mumewe akisinzia kitini hulitamka, leo kwa lugha hii, kesho kwa ile, na yeye ameshaacha kuona wivu.

Mwezi uliopita mambo yakawa magumu. Kijitabu cha ramani mpya kilitaka mstari mmoja: jina lilianzia wapi. Mkurugenzi alikuwa na hadithi yake tayari, ya malkia aliyelia kivukoni. Bwana Droo atie sahihi, jina lake lichapishwe juu ya ukurasa. Asipotia, ukurasa apewe mwingine. Miaka yote hiyo jina lake halijawahi kuchapishwa popote. Nilimwambia tia sahihi ukalale, malkia hatakuja kukushtaki.

Akanijibu, "Dada, huyo malkia simjui. Nimtambulishe kwa watu kama nani?"

Akaandika: Asili haijulikani. Aliyeliandika mara ya kwanza alisema ni jina la zamani.

Kijitabu kimetoka Jumanne. Malkia yumo, analia. Bwana Droo hayumo. Mkurugenzi akitaka kukata maneno haya, akumbuke nani anajua sukari ilipo. Nilikuwa na hasira za kuvunja vikombe. Bwana Droo alikisoma amesimama, akachukua kadi mpya, akaandika taratibu: Malkia aliyelia. Amezaliwa ofisini kwetu, mwezi uliopita. Kadi ya mia sita kumi na tatu. Akaipanga mwisho wa droo, mahali pake.

Kadi ya kwanza, ile ya asili, ameiacha tupu. Imeshakuwa na rangi ya chai. Nitaipangusa vumbi kila Jumatatu, na asitokee mtu wa kuijaza kwa kubahatisha.

Asante, mdogo wangu, kwa kutufundisha kusema hatujui bila kuona haya. Kaa na wifi, unywe chai ikiwa moto, na siku zako ziwe ndefu na nyepesi. Hayo tunakuombea sote. Jina lako nimemwambia fundi rangi aliandike mbele ya kabati la kadi. Nimelisugua kwa sabuni mara mbili. Halitoki.