Namba Isiyo Yetu

Sogeeni, wanangu, Kassimu upande huu, na wewe Hawa uniinue mto, maana pumzi hii ni ya kuazima na mwenyewe keshaanza kuidai.

Cherehani kubwa na shazia zote, zile sindano nene za turubai, ni za Hawa. Banda la Ufukoni ni lenu wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Miaka thelathini na moja mimi, Riziki binti Sudi, nimeshona maturubai ya malori yanayoleta korosho bandarini, na halijavuja hata moja kwa kosa la mkono wangu. Hilo najivunia, na anayechukia achukie.

Sasa sikilizeni habari ya yule mwizi. Hawa alituweka kwenye ramani ya simu, dereva akitafuta fundi turubai Mtwara anatuona sisi kwanza. Msimu wa juzi akanipigia mwanamume, eti ni wa ofisi ya ramani hiyo, jina letu litafutwa kesho nisipomsomea tarakimu za siri zilizoingia kwenye simu yangu. Ningemkatia. Ila alianza na utani, kwamba yeye Mngoni, babu yake alimkimbiza babu yangu mpaka pwani, kwa hiyo mimi ni mateka wake na nitii amri. Nikacheka mpaka machozi, nikamtukana kama mtani anavyotukanwa, kisha nikamsomea. Nani humkagua mtani?

Kuanzia hapo, kwenye ramani picha ya banda ilibaki yetu, namba iliyo chini yake ikawa ya kwake. Wateja wanampigia, anapokea arbuni, anatoweka, na anayelaaniwa ni mimi. Nami kwa kiburi nikamtuhumu fundi mwenzangu, Andrea wa Likombe, kuwa ananinyang'anya wateja, na msimu mzima sikumwitikia salamu. Mpaka dereva mmoja aliponionyesha ile namba. Nikaenda kwa Andrea kumwomba radhi, akainamisha kichwa: kumbe naye alilizwa na sauti ile ile, akanyamaza kwa aibu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kesho yake tulisimama kwenye maegesho ya malori, watu wazima na mvi zetu, tukatangaza ujinga wetu. Walitucheka, naam, lakini mafundi saba wakajitokeza kusema nao wameibiwa hivyo hivyo, na madereva wakaanza kuja bandani kwa miguu yao. Sijawahi kutembea kifua mbele kama siku ile.

Kassimu, najua huyo mtu anakupigia, anataka umlipe kila mwezi ndipo aturudishie ramani. Najua unataka kumlipa ili watu wasahau kwamba mama yako alitapeliwa. Usilipe. Jina la mtu halikombolewi kwa mwizi. Hawa amekwishapeleka malalamiko kunakohusika; yakichelewa, yachelewe.

Siku ya kunizika madereva na mafundi watajaa. Imamu akimaliza kuuliza nani ananidai, usimame wewe uliyeona haya, useme: mama yangu alitapeliwa, na alisema. Kisha uwatajie namba ya yule mtu, yote, polepole, mpaka wa nyuma kabisa aisikie.

Mungu awaweke pamoja... awape mkate wa halali, na mikono... Maji, Hawa. Basi. Yatosha.

Kassimu, itaje hapa kwanza, nikusikie. Sifuri... Usinong'one, mwanangu. Paza sauti.