Bethwel Oluoch Hangoji Tena

Tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Bethwel Oluoch atastaafu baada ya kuendesha malori ya kiwanda chetu cha unga hapa Eldoret kwa miaka ishirini na saba. Ana miaka hamsini na mitano na angeweza kuendelea, lakini amekataa. Mimi nimekuwa katika ofisi ya usafirishaji kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, na jambo ambalo limenichosha ni moja: hapa kila mtu huamini kwamba wakati wa dereva ni wa bure.

Alianza na lori kuukuu lililokuwa likichukua mahindi kutoka Soy na Turbo, kisha akapewa trela. Hajawahi kuangusha gari. Hajawahi kurudi na gunia lililolowa. Kwa hayo alipata shukrani za kawaida, na pamoja nazo maombi yasiyokwisha. Watu wa uhasibu walimtuma viazi. Watu wa mauzo walimwomba apitie kwa fundi kuchukua kiti. Mkulima alipiga simu kusema mahindi yako tayari, Oluoch akafika akakuta bado yako shambani. Akilalamika, jibu lilikuwa lile lile: si umekaa tu kwa gari?

Mambo yalifika kilele Jumamosi moja ya Novemba. Binti yake Ayoo alikuwa anaposwa na kijana wa Burnt Forest, na wazee wa kijana walikuwa wanakuja nyumbani kwa Oluoch, Langas, kuzungumzia mahari. Alikuwa ameomba ruhusa mapema na akapewa. Asubuhi ya siku yenyewe, meneja wetu wa wakati huo, Bwana Wabuge, akampigia simu. Kuna mzigo mdogo Chepsaita, akasema, kwa Mama Edinah. Umeshafungwa. Ni kupakia tu na kurudi, wageni hawatakuwa hata wamefika.

Mama Edinah ni mmoja wa wakulima wetu wakubwa, na hakuna aliyependa kumuudhi. Oluoch akaenda. Alipofika, mahindi yalikuwa yametandazwa kwenye turubai, yanaanikwa. Mwenyewe hakuwepo. Mfanyakazi wake akamwambia, "Mama ako kwa mkutano wa chama. Alisema lori ikikuja ingoje."

"Atarudi saa ngapi?"

"Hiyo hakusema."

Oluoch akampigia Bwana Wabuge. Nilikuwa ofisini, na simu ilikuwa kwenye spika, kwa hivyo niliyasikia. "Ngoja tu, Oluoch," meneja akamwambia. "Hao wageni wakipewa chai hawatakuwa na shida." Kisha akakata, akaendelea kula mandazi yake. Nilimwambia mtu hawezi kumwozesha binti kwa simu. Akaniambia nishughulike na kazi yangu.

Oluoch alingoja. Alisaidia hata kugeuza mahindi, akidhani yatakauka upesi. Jua lilikuwa limeshapita utosini mke wake, Hulda, alipopiga simu. Hakumfokea. Alimwambia tu wageni wamefika, wamekaa, na Mzee Wachira, mjomba wa kijana na kiongozi wa wazee hao, ameuliza baba ya Ayoo yuko wapi.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Oluoch aliwasha gari akaondoka bila mzigo. Kupeleka trela kiwandani kwanza kungekula muda zaidi, kwa hivyo alienda nalo moja kwa moja hadi Langas na kulisimamisha kando ya lango lake, likaziba nusu ya barabara. Aliingia na vumbi la mahindi hadi kwenye nyusi, akitarajia kukuta wazee wameshaenda au, vibaya zaidi, wameshamaliza mazungumzo na shemeji zake.

Hawakuwa wameanza. Chakula kilikuwa kimefunikwa, kimepoa. Mzee Wachira alisimama kumsalimia. "Tulikataa kuanza," akasema. "Mwenye mtoto ni wewe. Tungeongea na nani?"

Hulda ananiambia mumewe aliomba dakika akanawe uso, akakaa pale kwenye mfereji nyuma ya nyumba kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Siku zote ni yeye aliyengoja watu. Hakujua la kufanya na watu waliomngoja yeye.

Jumatatu Bwana Wabuge alitaka kumsimamisha kazi. Baadaye akakubali waende wote wawili Chepsaita, Oluoch amwombe Mama Edinah msamaha, na mimi nikaenda nao kwa sababu Mama ananijua. Oluoch alivua kofia. "Mama, samahani niliondoka bila kukuaga," akasema. "Lakini siku hiyo nilikuwa nazungumziwa msichana wangu, na mahindi yako ilikuwa bado chini."

Mama Edinah alimgeukia meneja. "Wewe ulijua ako na wageni?"

Bwana Wabuge akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

"Mimi singemwita kama ningejua," Mama akasema. "Mimi pia nimezaa wasichana." Akatuma watu wafunge magunia pale pale, na sisi tukaketishwa tukanywa maziwa lala. Oluoch alikunywa vikombe viwili. Meneja alisema tumbo linamsumbua.

Tangu siku hiyo hakuna lori linalotoka hapa kabla ofisi haijampigia mkulima na kuhakikisha mzigo umefungwa. Madereva wadogo wanadhani ni utaratibu wa tangu zamani. Sio. Ilibidi mtu akaribie kukosa posa ya binti yake ndipo tukajifunza kupiga simu.

Na bado hatujajifunza vya kutosha. Jana niliambiwa sherehe hii ya kumuaga isogezwe kutoka saa nne hadi saa nane, kwa kuwa mgeni wa heshima ana mkutano. Nilipomweleza Oluoch, alisema atakuja saa nne kama kadi inavyosema, atakula, kisha atampeleka Hulda Burnt Forest, ambako mtoto wa Ayoo anabatizwa. Nimewaambia wapishi hivyo. Atakayefika saa nane atatukuta tunaosha vyombo.

Mzee Oluoch, asante kwa kila gunia lililofika kavu na kwa uvumilivu ambao hatukuustahili. Tunakuombea afya, amani na Hulda wako, na wajukuu wa kukupanda mgongoni. Na mtu yeyote akikwambia ungoje kidogo, mwulize kwanza kidogo yake ni kiasi gani.

Warigia, Ofisi ya Usafirishaji