Bwana Pasi na Vumbi la Ovaroli

"Mama, huyu bwana wako ni fundi betri kweli, au ni karani wa benki?"

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta aliniuliza hivyo mwaka tuliohamia, tukianika nguo. Nilicheka hadi kibanio kikaniponyoka. Hakukosea. Marehemu mume wangu alirudi kutoka kazini kila jioni na shati jeupe na suruali yenye mstari. Mafundi wenzake walimwita Bwana Pasi, na jina likamkaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu kati ya saba wa mshona viatu na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, na miaka miwili ya mwisho alikuwa kiranja wa usafi. Wadogo zake wanasema ukiranja huo hakuuacha mpaka juzi.

Mwaka 1978 alianza kujifunza kazi ya betri za magari kwa fundi mzee, aliyemwambia siku ya kwanza: "Mteja hamwamini fundi mchafu. Uchafu wote uuache kwenye ovaroli." Alilishika neno hilo. Mwaka 1984 akafungua banda lake. Alipasua betri chakavu, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo na kumimina vichwa vipya vya kushikia nyaya, na kazi yake ilisifiwa.

Tulifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990. Alipokuja kunichumbia alificha mikono nyuma. Akasema, "Nimeinawa mara tatu, sijui kama inatosha." Nilimwambia inatosha. Mungu alitujalia watoto watatu, wavulana wawili na mziwanda wetu, binti, aliyezaliwa 2002.

Ovaroli aliivua bandani, akaileta nyumbani kwenye mfuko. Kazi ya kuikung'uta na kuipiga brashi nyuma ya jiko ilikuwa ya mziwanda. Baba yake alimwita Waziri wangu wa Usafi, naye alijivunia cheo chake. Vumbi jeusi lilipaa, sisi tukaona ni usafi unafanyika.

Mwaka 2017 binti alikuwa na miaka kumi na mitano. Akaanza kulalamika tumbo na kichwa. Alipauka, akawa msahaulifu, na ripoti ya shule ikaandikwa "mvivu". Baba yake alikasirika sana, naye akamwita mvivu.

"Darasani unaota nini?"

"Baba, nasoma mstari mmoja. Nikifika mwisho, mwanzo umeshatoroka."

Nilimpeleka kliniki nikidhani ni minyoo. Muuguzi akauliza baba yake anafanya kazi gani, nikamjibu. Akauliza tena, "Nguo zake za kazi anafua nani?" Binti akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mimi."

Damu yake ilipopimwa, kipimo cha risasi kilisoma arobaini na moja, wakati hata tano huwatia madaktari wasiwasi. Daktari alituita wote wawili. Alisema vumbi lile huingia kwa pumzi na kwa mdomo, huzuia damu kujijenga, hukaa kwenye mifupa na huchelewesha ubongo, na kijana ambaye bado anakua huumia zaidi ya mtu mzima. Hakuna kiasi kidogo kisicho na madhara. Marehemu aliuliza neno moja tu: "Atapona?" Daktari akasema kipimo kitashuka vumbi likiondoka, lakini kuhusu akili hawezi kuahidi.

Tulipofika nyumbani alipiga magoti mbele ya binti yake. "Mwanangu, nilikuita mvivu. Nisamehe."

"Baba, inuka," binti akasema. "Suruali itachafuka."

Wiki hiyohiyo alifunga banda. Aliondoa udongo wa nyuma ya jiko kwa maelekezo ya bwana afya, akapangusa nyumba nzima kwa vitambaa vibichi. Akaanza kutengeneza baiskeli, kazi ambayo kwa mwaka mzima alikuwa akiikosea. Tuliomba, na tukarudi kliniki kila tulipoitwa. Arobaini na moja ikawa ishirini na sita, ikawa kumi na mbili. Mwaka 2020 ikawa nne. Siku ile Bwana Pasi alijifuta machozi kwa mkono wa shati jeupe, na wala hakulitazama shati.

Hesabu bado humchelewesha binti yetu, siwezi kusema uongo mbele za Mungu. Lakini alimaliza shule, na leo anafundisha watu udereva. Baba yake alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. "Mzee, kioo! Kioo ni cha kutazama barabara, si kola!"

Mwaka 2021 figo za marehemu zilianza kuchoka. Madaktari walisema ni miaka mingi ya risasi mwilini mwake mwenyewe. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, akatutania kwamba sasa hata damu yake inapigwa pasi. Hakulalamika. Alisema deni la hofu lilishamtoka siku ile kipimo cha binti kiliposoma nne. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mziwanda.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, dada wawili na kaka mmoja. Tunalia, lakini tunashukuru: mateso yake yamekoma, na alichokiomba sana alikiona kwa macho yake. Bwana ampokee, ampe pumziko jema.

Jumapili ya mwisho aliniagiza niandike neno hili kama alivyolisema, nami nimeliandika:

"Mafundi wenzangu watakuja kunizika, na watoto wao watakuja. Waambieni kesho wawapeleke kliniki wakapimwe damu. Wasingoje waanze kuumwa."