Mahindi ya Nekesa na Siku ya Gofu

Mimi nina hasira, na nasema mapema. Kijiwe chetu hapa Tongaren ni benchi moja mbele ya jiko la kahawa la Nekesa, kando ya uwanja ambao msimu wa mavuno watu huanika mahindi. Jumamosi walikuja watalii kutoka Kitale, basi zima: mchana gofu ya bure kwa kila mwananchi, jioni kutazama nyota kwa darubini. Wakaomba uwanja uachwe wazi siku hiyo moja tu. Nekesa alikuwa matangani Sirisia, ametuachia magunia yake kumi na mawili tumwanikie, mahindi bado mabichi. Tuliyabeba wenyewe, tukayarundika stoo ya kanisa, ambayo ufunguo wake hukaa nami, tukaenda kucheza. Jana Jumatano alirudi, nikamfungulia. Yote yameshika kuvu. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha watoto wake mpaka mavuno mengine. Leo ametumiminia kahawa bila hata salamu.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Thuo, fundi wa milango. Tunamwita Jaji kwa sababu hukumu hazimwishi.

— Makosa ni ya hao wageni. Kwani hawana uwanja yao?

— Na hata kucheza hatukucheza, bana, akasema Khaemba, ambaye kwetu ni Redio. Mimi walinipea fimbo nikapiga mara mbili tu. Ya kwanza nikachimba nyasi.

— Ya pili ukagonga mbuzi ya pasta, akasema Jaji.

— Huyo mbuzi alikuwa ofsaidi.

Wakoli, karani mstaafu tunayemwita Profesa, akaweka kikombe chini.

— Shida ni ile darubini. Ile kioo inavuta joto ya nyota. Na walikuwa wameielekeza wapi? Si ni juu ya kanisa?

— Nyota iko na joto gani, Profesa? akauliza Jaji.

— Jua ni nyota. Walitufundisha wenyewe. Sasa wewe vuta nyota mia moja kwa stoo moja uone.

— Hapana, akasema Redio. Ni ile mipira nyeupe. Ilipotea ngapi? Ati imeingia kwa nyasi. Iko kwa magunia, na iko na dawa ndani. Mahindi imehalibika na hiyo dawa, ndio tuanze kununua unga yao.

Jaji akasimama.

— Tutafute pikapu saa hii, twende Kitale. Wamrudishie huyu mama mahindi yake, ama hiyo basi haitapita hapa tena.

Sote tulipaza sauti, na yangu ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Nekesa alikuwa ametupa mgongo, anachochea makaa.

Pembeni alisimama Jerop, mwanamke anayepeleka vitunguu soko la Chwele, akingoja kahawa yake ipoe. Hatukuwa tukimjua; jina lake tulilisikia baadaye.

— Samahani wazee. Hizo nyota mliziona vizuri?

— Vizuri sana, akasema Profesa. Hakukuwa na wingu hata moja.

— Na Jumapili jua ilitoka?

Jaji akaketi. Jumapili jua liliwaka tangu asubuhi, Jumatatu likawaka, Jumanne pia. Watalii walikuwa wameshaenda na uwanja ulikuwa mtupu. Siku zote tatu tulikaa benchi hili, bila hata kahawa, tukibishana ile nyota yenye pete ilikuwa upande gani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nekesa akageuka. Alichukua vikombe kimoja kimoja, vikiwa bado nusu, akamwaga kahawa chini. Cha Jerop alikiacha. Alipofika kwangu alikichukua cha kwangu pia, kisha akabaki amenyoosha mkono.

— Leta ufunguo, akasema.

Nikampa.