Mama Zaid na Bure za Aina Nyingi

Mimi Mbaluka, fundi wa kukata karatasi, ni mtu wa bahati. Nimezaliwa mtaa wa Landless hapa Thika na ndege naziona zikipita tu, lakini picha yangu imetundikwa ukutani Uholanzi. Bahati hiyo nimeipata kwa Bi. Tausi, Mama Zaid wetu, anayestaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Julai 1999, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Thika.

Alianza kwa kupanga herufi za risasi, moja moja kwa vidole. Kompyuta ilipoletwa, sisi wengine tuliogopa hata kuipangusa vumbi. Yeye alivuta kiti, akavua viatu, akaanza kazi.

Shida ilikuwa disketi. Kila mteja alileta yake, imejaa programu, picha na mitindo ya herufi, akiapa zote ni za bure. Wakati wa chai Mama Zaid akatueleza kwamba bure ziko nyingi. Kuna bure ya mfereji wa msikitini: chota utakavyo, hakuna wa kukuuliza. Kuna ya kipande cha nanasi pale stendi: unaonja, ukipenda unalipa, huondoki na gunia. Kuna ya chapati za Ngina wetu wa jikoni: anakupa na siri ya kuzipika, uongeze chumvi yako, mradi nawe usimfiche mwenzako. Na kuna ya sufuria ya jirani: pikia watoto wako, lakini ukitaka kuifungulia hoteli, omba kwanza.

Mwaka wa 1997 zikaja kadi za harusi ya watu wa mtaa wa Membley. Herufi walizochagua zilikuwa za sufuria ya jirani. Maelezo yalikuwa mle mle kwenye disketi, na ni yeye tu aliyeyasoma: kwa biashara, mwenyewe aombwe, Mholanzi fulani. Bosi wetu, Bwana Muigai, alikuwa ameahidi kadi Jumamosi. Akasema asiyetaka kuchapa aende nyumbani.

Mama Zaid akaifunika kompyuta kitambaa, akachukua kikapu chake.

“Naenda, Muigai. Lakini napitia posta nimtumie huyo mtu faksi. Akikataa, hiyo mashine utaikalia wewe.”

Bosi akaitazama mashine. Hakujua hata inawashiwa wapi.

Jibu likaja Ijumaa: chapeni, malipo ni postikadi ya mji wenu. Kadi zikafika Membley kwa wakati, bosi akatununulia soda, na kikapu cha Mama Zaid kikarudi chini ya meza yake. Ila postikadi ya Thika tuliitafuta tukaikosa. Tukaenda maporomoko ya Chania, Mama Zaid na mimi, tukapigwa picha, tukaibandika kwenye karatasi ngumu ya manila. Mholanzi akaandika kwamba ameitundika ukutani.

Mama Zaid, asante kwa kutufundisha kusoma kabla ya kuchukua. Sasa lala mpaka jua likuchoke, wajukuu wako kule mtaani Kiuu wakuchekeshe, na lile goti linalokuuma likuache kwa amani.

Na ile picha ya Uholanzi, mimi simo. Nilidanganya. Ilikuwa pana kuliko bahasha, ikabidi mmoja akatwe, na fundi wa kukata ni mimi.