Nyoka Kwenye Pikapu ya Reverien

Kijiwe chetu kiko Kasulu mjini, mbele ya kibaraza ninaposhonea nguo. Benchi lina miguu mitatu, wa nne ni tofali. Pasikali huleta birika la kahawa baada ya adhuhuri, na wanywaji ni walewale: Bazilio, tunayemwita Katapila kwa sababu zamani aliendesha greda la barabara na mpaka leo huongea kama injini bado inawaka, Yusuph, fundi redio, ambaye kwetu sisi ni Mawimbi, na Reverien mwenye pikapu. Waendesha bodaboda wanne huegesha hapohapo. Mchana mmoja wa Novemba 2014, Nsengimana seremala alikuja mbio na msumeno mkononi. Mkewe Ernesta alikuwa na uchungu wa kuzaa, uzazi wake wa kwanza, na hospitali iko ng'ambo ya pili ya mji. Reverien aliinuka bila kumaliza kikombe. Hapo ndipo mtu mmoja aliposema ameona mkia wa nyoka ukiingia chini ya boneti.

Ernesta alikuwa ameshafika, na kanga zake ndani ya beseni. Nsengimana alimwomba akae kwenye jiwe karibu na mlango wangu, dakika mbili tu. Akakaa.

Katapila ndiye aliyeshika uongozi. Alituambia nyoka hupenda joto, kwa hiyo tuache injini ipoe, atatoka mwenyewe kwa adabu.

— Mgeni siku mbili, alisema. Ya tatu mpe jembe.

Reverien aliuliza kama anataka tusubiri siku tatu. Katapila akamjibu kwamba methali haipimwi kwa saa.

Mawimbi hakukubali. Kwa maelezo yake, nyoka hana masikio, ila anasikia mtetemo kwa tumbo, na huyu alikuwa ametoka upande wa mpakani. Akaleta redio, akaiweka juu ya boneti, akatafuta stesheni ya Kirundi. Tulisikiliza habari za bei ya maharage mpaka zikaisha. Nyoka hakutoka. Mawimbi akasema huenda ni Muha wa hapahapa, akabadilisha stesheni.

Ernesta aliita jina la mumewe. Nsengimana, macho kwenye boneti, aliinua kiganja kumwashiria asubiri.

Ikafika zamu ya Reverien, ambaye mpaka hapo alikuwa akitafuna kashata kwa huzuni. Alisema huyo si nyoka wa kawaida, ametumwa na mtu mwenye gari Kibondo anayemwonea wivu. Nyoka wa kutumwa hakai kwenye injini, hupita kwenye bomba la hewa na kulala chini ya kiti cha abiria. Basi tukafungua viti. Mimi mwenyewe nilishika spana, sikatai. Viti vikawekwa barabarani na wale vijana wa bodaboda wakavikalia, wapate kuona vizuri.

Chini ya viti hapakuwa na kitu. Katapila akalala kifudifudi, akachungulia ekzosi, akainuka na vumbi kifuani. Alitangaza kwamba kichwa kiko mbele na mkia uko nyuma, nyoka ana urefu wa gari zima.

— Sasa tumfanyeje? aliuliza Nsengimana.

— Kahawa. Nyoka na kahawa hawapatani, alisema Katapila.

Pasikali alikataa kidogo, kisha akalegea. Birika lote likamiminwa kwenye ekzosi, kikombe kwa kikombe, na Mawimbi akihesabu. Nilipotazama saa ilikuwa imepita saa tisa na nusu.

Wakati huo alipita Aksanti, mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anayeuza vitenge. Alimkuta Ernesta ameegemea ukuta kwa mikono miwili, jasho likimchuruzika. Akatua furushi, akamshika kiuno, akatugeukia.

— Baba zangu, hii moto ine, zote zimekufa?

Mawimbi alisikia neno moto. Akapiga kelele kwamba gari linawaka, Reverien akakimbilia maji, Katapila akaanza kufukia ekzosi kwa mchanga. Aksanti alingoja tumalize. Kisha akaonyesha kwa kidole pikipiki nne zilizoegeshwa kivulini.

— Moto, alisema taratibu. Kwenu munaita pikipiki. Zimekufa?

Kijana mmoja aliinuka kutoka kwenye kiti cha pikapu, akapapasa mfukoni, akatoa ufunguo, akautazama kana kwamba ameuokota.

Ernesta alipandishwa nyuma ya kijana huyo, Aksanti nyuma yake akimshika. Sisi tukafuata kwenye pikipiki tatu zilizobaki. Njiani nilimwona Nsengimana akilia, msumeno bado mkononi. Ni yeye, si mwingine, aliyekuwa hatua kumi kutoka kwa mkewe mchana wote, na nadhani ndiyo kwanza alikuwa anamwona.

Hospitalini walimpokea haraka, wakamlaza nyuma ya pazia. Muuguzi alitoka na kalamu, akauliza swali jepesi:

— Uchungu ulianza saa ngapi?

Katapila alisoma bango la chanjo ukutani. Mwishowe Nsengimana alijibu, tena kwa uhakika:

— Nyoka aliingia saa nane na robo.

Muuguzi hakuandika. Alimtazama yeye, akautazama na msumeno. Ndipo sauti ya Ernesta ikatoka nyuma ya pazia, ya uchovu lakini kavu:

— Andika alfajiri, dada. Nilimwambia, akasema nisubiri taarifa ya habari iishe.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa kumi na moja, wa kike, mzima. Aksanti ndiye aliyetoka kutuambia. Tulikuwa tumesimama ukutani mstari mmoja, na hakuna aliyekuwa na methali.