Jovin Kamugisha na Sumaku za Shimo Jeusi

Marehemu Jovin Kamugisha, ambaye leo tunamuaga hapa Guangzhou kabla hajasafirishwa nyumbani, alizaliwa tarehe 9 Mei 1981 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa Mwalimu Leonidas na Mama Adela, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Bukoba, na mwaka 2006 akahitimu fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Septemba 2009 alikuja Guangzhou kwa masomo ya juu, na ni katika soko la Liuhua, akitafuta viatu vya baridi, alipokutana na Yustina, mfanyabiashara wa nguo, wakafunga ndoa Mwanza tarehe 22 Desemba 2012, Mungu akawajalia Lulu na Didas.

Tangu 2015 alikuwa katika kundi la watafiti waliounganisha darubini za redio za nchi mbalimbali, wapate picha ya uga wa sumaku unaozunguka shimo jeusi kubwa mno katikati ya galaksi ya mbali, na wengi wetu tunazikumbuka zile Jumapili baada ya ibada, akinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi, sumaku ikiwa chini yake, unga ukijipanga mistari, naye akisema, "Kule hatuna unga, tunasoma mawimbi yanatetemeka kuelekea wapi."

Machi 2022, picha ikikaribia kutangazwa, aligundua kwamba vipimo vya darubini moja vimesomwa kinyume, mistari ikazungushwa upande usio wake, wenzake wakamsihi anyamaze kwa kuwa mkataba wake ulikuwa ukingoni, akawajibu, "Basi jina langu msiliweke kwenye picha hiyo." Mkataba haukuongezwa, akaenda Xintang, mji wa viwanda vya nguo, kumsaidia mkewe kufungasha jinzi, mafundi wakimwita laoban, yaani bosi, naye akicheka, huku akipiga hesabu zake katikati ya marobota kwa miezi kumi na minne, hadi kiongozi wa kundi alipomfuata palepale na kumwambia, "Ulikuwa sahihi, rudi." Picha iliyosahihishwa ilitoka Novemba 2023, akaitazama, kisha akamwambia Yustina, "Kama nywele za Lulu zikisukwa."

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hapahapa, akafariki tarehe 11 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Yustina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyabiashara mliofunga maduka, na watafiti wenzake, hasa wale waliobishana naye mwaka ule, ambao jana walimwomba Yustina ruhusa ya kulibeba jeneza, naye akawakubalia.

Jovin, mpendwa wetu, upumzike sasa kwa amani.